Namba ya Gari la Zamani Isikatwe Pamoja na Bati Bovu

Mwaka 2016 mwanamume mmoja wa Kansas, hapa Marekani, alinunua Chevrolet Corvette ya mwaka 1959 kutoka jimbo la Indiana. Alitoa zaidi ya dola 50,000. Gari lilikuwa limekwisha kutengenezwa upya, tayari kwa barabara. Mwaka uliofuata alilipeleka likaguliwe na polisi wa barabara kuu wa jimbo lake ili aliandikishe kwa jina lake. Hakurudi nalo nyumbani.

Mkaguzi aliona kwamba kibati chenye namba ya utambulisho hakikufungwa kama kiwanda kinavyokifunga. Aliyelitengeneza gari kabla halijauzwa alikuwa amekitoa kibati kile wakati wa kazi, kisha akakirudisha. Hakuna aliyemtuhumu mnunuzi kwamba ni mwizi. Hata hivyo sheria ya Kansas ya wakati ule ilihesabu gari la namna hiyo kuwa mali haramu, na mali haramu huharibiwa. Kesi ikaenda miaka. Mwaka 2022 Bunge la Kansas likabadili sheria na Gavana Laura Kelly akaitia saini, ili mwenye gari la kale aweze kutoa kibati na kukirudisha pale ukarabati unapolazimu. Hapo ndipo njia ya kurudishiwa gari ilipofunguka.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mapenzi ya magari ya zamani yameingia katika nyumba nyingi za Waswahili ughaibuni, na kwangu pia yameingia. Mimi ni muuguzi. Diploma nilisomea Tanzania, digrii nikaimalizia huku Marekani. Mume wangu, Baba Salma, amekulia gereji kwa mjomba wake Tanga, na kwake yeye gari bovu halitupwi, linatafutiwa spea. Mwaka jana alinunua Ford Mustang ya mwaka 1965 iliyokaa bandani miaka mingi. Injini haijambo, bodi imeliwa na kutu. Akaniambia huo ni mradi wake na binti yetu wa miaka 14. Nikauliza bei, nikanyamaza kidogo, nikasema haya.

Shida ilikuja bodi ilipoanza kufunguliwa. Fundi alitazama upande wa dereva, akasema bati la ndani, lile linaloshikilia madigadi, limeoza. Afadhali likatwe lote liwekwe jipya. Baba Salma akamwonesha namba iliyogongwa kwenye ukingo wa bati hilo hilo. Fundi akacheka. Akasema atakikata kile kipande chenye namba akichomelee kwenye bati jipya, au atatafuta herufi za chuma aigonge upya, kisha apige rangi. Hakuna atakayejua.

Usiku ule nilipotoka zamu nilimkuta Baba Salma mezani, karatasi mbele yake.

“Mama Salma, fundi anasema ni kitu kidogo tu.”

“Kidogo kwa nani? Sisi wodini hakuna anayekata mkanda wa mgonjwa akasema nitaukumbuka, nitauandika kesho.”

“Basi tuulize kwanza.”

Tukauliza, tukasoma, tukapiga simu. Haya ndiyo tuliyoyapata, nami nayaweka hapa kwa faida ya familia nyingine.

Namba inasema nini

Hospitalini hatumpi mgonjwa dawa mpaka tumelinganisha angalau vitu viwili, kwa kawaida jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, na mkanda wake wa mkononi. Gari nalo hutambuliwa kwa kulinganisha: namba iliyo kwenye chuma na namba iliyo kwenye hati ya umiliki. Nyumbani wengi tunaiita namba ya chasisi. Marekani huitwa VIN.

Magari ya kuanzia modeli ya 1981 yanayouzwa Marekani yana namba yenye herufi na tarakimu 17, na ndani yake hamna herufi I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Mustang ya kwanza kabisa kwa mfuatano wa namba imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Henry Ford huko Dearborn, Michigan, na namba yake ni 5F08F100001. Ile 5 ya mwanzo ni modeli ya 1965. F ni kiwanda cha Dearborn. 08 ni bodi ya paa la kukunja. F ya pili ni aina ya injini ya V8. Zinazobaki ni namba ya mfuatano, na Ford walianza kuhesabu kwenye 100001.

Kwa hiyo herufi moja tu ikibadilika, gari linakuwa limetoka kiwanda kingine au lina injini nyingine. Bei nayo inabadilika. Mustang ya 1965 yenye herufi K mahali pa injini huuzwa ghali kuliko yenye herufi C, kwa sababu K ilikuwa injini ya nguvu zaidi. Hapo ndipo waghushi hupata riziki yao, na wezi nao huchukua namba ya gari lililokufa wakaivisha gari la wizi. Polisi wanapoona namba iliyoguswa hawajui kama mbele yao yuko mwizi au baba aliyekuwa anaondoa kutu. Wanachoona ni namba iliyoguswa.

Bati lipi ni bati tu, na lipi ni kitambulisho

Hili ndilo jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka. Kwenye gari la zamani, mabati hayana uzito sawa mbele ya sheria.

Tuchukue Mustang hiyo ya 1965. Boneti, bampa na madigadi za nje hufungwa kwa bolti na hazina namba ya gari. Zimeoza? Toa, weka nyingine, tunza risiti, basi. Bati la ndani la upande wa dereva ni habari tofauti: limechomelewa kwenye mwili wa gari, na namba imegongwa juu ya ukingo wake. Ndiyo maana madigadi ya nje ina pengo dogo, ili namba isomeke boneti ikifunguliwa. Ukilitupa bati hilo umetupa kitambulisho. Kisha kuna mlango wa dereva. Kwenye ukingo wake wa nyuma kuna kibati kilichofungwa kwa ribiti, nacho kina namba hiyo pamoja na alama za rangi na vifaa vya ndani. Ukinunua mlango mzima skrepa ukaufunga, gari litakuwa na namba moja mbele na nyingine mlangoni, na maelezo yatakuwa juu yako.

Mustang za modeli ya 1968 na kuendelea zina namba kwenye dashibodi, inasomeka kupitia kioo cha mbele. Sheria ya shirikisho ilidai hivyo kwa magari ya abiria yaliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Kwa magari hayo hatari huja pale kutu ikila bati lililo chini ya kioo, maana fundi atataka kufungua sehemu yote ile.

Magari ya modeli ya 1987 na baadaye, hasa aina zilizokuwa zikiibwa sana, huwa na stika za namba kwenye milango, boneti, madigadi na bampa. Kipande kipya cha badala kutoka kiwandani huwa na herufi R. Kwa hiyo ukiweka mlango uliotoka kwenye gari jingine, ile stika ya gari jingine usiibandue. Iache, na uweke risiti ya skrepa inayoonesha mlango umetoka wapi.

Sheria ya Marekani

Tangu 1984 ni kosa la shirikisho mtu kuondoa, kufuta au kubadili kwa makusudi namba ya utambulisho ya gari au ya kipande cha gari. Adhabu inafika kifungo cha miaka 5. Gari lenyewe linaweza kutaifishwa.

Sheria hiyo hiyo inamkinga anayetengeneza gari kwa nia njema. Haimhesabii kosa mtu anayefanya ukarabati ikiwa kuigusa namba kulikuwa lazima kwa ajili ya ukarabati huo. Haimhesabii kosa pia anayerudisha au kubadilisha namba kwa kufuata sheria ya jimbo lake. Kinga ya pili ndiyo ya kushika kwa mikono miwili, kwa sababu majimbo hayafanani. California, kwa mfano, mwenye gari anaweza kuirudisha namba ya asili, lakini kwa idhini ya DMV. Kansas ilikuwa kali mpaka 2022. Jirani yako akikwambia kwao ruhusa, muulize kwao ni jimbo gani.

Aliyetaka kugonga namba ya Mustang yetu upya hakuwa na nia ya wizi. Alitaka kuokoa saa za kazi. Lakini “kuigusa kulikuwa lazima” ni maneno utakayotakiwa kuyathibitisha, na huwezi kuyathibitisha ikiwa njia nyingine ilikuwepo.

Sisi wahamiaji tuna la ziada

Mimi ni muuguzi, si mwanasheria, na anayehitaji ushauri wa kesi yake amwone wakili wa uhamiaji. Lakini hili kila familia yenye kadi ya kijani ilijue.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina orodha ya makosa mazito ambayo humweka hata mkaazi wa kudumu katika hatari ya kufukuzwa nchini. Katika orodha hiyo, sambamba na kughushi nyaraka, limetajwa kosa linalohusu biashara ya magari ambayo namba zake zimebadilishwa, ikiwa kifungo ni cha mwaka mmoja au zaidi. Tena kuna kosa la shirikisho la kununua au kushikilia gari kwa nia ya kuliuza huku ukijua namba yake imeondolewa au imebadilishwa. Hilo adhabu yake inafika miaka 10.

Sasa fikiria kijana wetu anayenunua magari mabovu, anayatengeneza nyuma ya nyumba, anauza mawili matatu kwa mwaka ili alipie chuo. Fundi mwenzake Mmarekani akikutwa na hatia ya kuuza gari la namba iliyochezewa, atafungwa, atatoka, atarudi kwake. Kijana wetu anaweza kutoka jela akapelekwa uwanja wa ndege. Bati moja la Mustang halifai kubeba mzigo huo.

Hatua tulizofuata

1. *Tafuta namba zote kabla ya kufungua bolti ya kwanza.* Soma iliyogongwa, soma ya mlangoni, linganisha na hati herufi kwa herufi. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwenye hati, kama tunavyofanya wauguzi wawili kabla ya kuongeza damu. Zisipolingana, simamisha kazi.

2. *Piga picha.* Moja ya mbali inayoonesha gari zima, moja inayoonesha bati lenyewe, moja ya karibu inayosomeka. Piga na vishikizo: ribiti au skrubu zilivyokaa, na rangi iliyozizunguka. Kazi hii alipewa Salma. Kisha aliweka karatasi nyepesi juu ya namba akaifikicha kwa penseli, herufi zikatokea kama zilivyogongwa.

3. *Safisha kwa upole.* Namba iliyojaa kutu haitaki mashine ya kusaga. Kitambaa, mafuta mepesi ya kulainisha kutu na brashi laini vinatosha. Na puti isipite juu yake.

4. *Uliza jimbo kabla ya kukata, na uombe jibu la maandishi.* Pengine ni DMV, pengine ni polisi wa barabara kuu, inategemea unakoishi. Sisi tulituma barua pepe yenye picha tukaeleza ni bati lipi limeoza. Tukajibiwa kwamba namba ibaki ilipo ikiwezekana, na kama haiwezekani, gari likaguliwe kabla ya kazi. Barua hiyo tumeichapa.

5. *Chagua ukarabati unaoibakiza namba mahali pake.* Kutu nyingi hula bati la ndani kutokea chini kwenda juu. Ukingo wa juu wenye namba mara nyingi bado mzima. Fundi mwingine tuliyempata alikata sehemu ya chini tu, akachomelea bati jipya, akauacha ukingo wa juu bila kuusogeza. Ilichukua saa nyingi zaidi na ikatugharimu zaidi. Mlangoni tulibadilisha bati la nje peke yake. Fremu ya mlango, yenye kibati na ribiti zake, ikabaki.

6. *Andikiana na fundi.* Mstari mmoja unatosha: sehemu yenye namba haitakatwa, haitasagwa, haitapakwa puti wala kugongwa upya bila mwenye gari kuwepo na kukubali. Wote wawili mtie saini.

7. *Kama namba haiwezi kuokolewa, iachie serikali.* Gari lililogongwa vibaya au bati lililotoboka kwenye namba yenyewe lina njia yake halali. Majimbo mengi hulikagua gari na kulipa namba mpya ya jimbo, na hati ikaonesha hivyo. Bei ya gari itashuka kidogo, ila utalala usingizi. Usiagize kibati cha kuchongesha mtandaoni, na kipande cha zamani usikitupe mpaka mkaguzi amekiona.

8. *Weka kila karatasi pamoja.* Walimu wetu wa uuguzi walitufundisha kwamba huduma isiyoandikwa huhesabiwa haikutolewa. Wazee walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari. Picha, risiti, barua ya jimbo na mkataba wa fundi viwe katika faili moja, na gari likiuzwa faili liende nalo.

Walioko Uingereza na Ghuba

Uingereza mambo yamelegezwa hivi karibuni. Tangu tarehe 26 Agosti 2025, ukikarabati gari la zamani kwa vipande vya aina ile ile, huhitaji kuiarifu DVLA, mradi sura ya gari ibaki kama ilivyotoka kiwandani na taarifa muhimu za kwenye V5C zisibadilike. Gari lililobadilishwa sana kimuundo linaweza kubaki na namba yake ya asili, lakini hilo lazima DVLA iarifiwe.

Landrova ni mfano wa karibu kwetu. Mabati mengi ya Land Rover Series III na Defender ni ya aluminiamu na hufungwa kwa bolti, kwa hiyo kubadili mlango au madigadi hakugusi kitambulisho. Namba imegongwa kwenye chasisi, mbele upande wa kulia, na chasisi ndiyo inayoliwa na kutu ya Uingereza. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu: chasisi iwe ya muundo ule ule, risiti iwepo, na ya zamani isiuzwe ikiwa na namba yako. Kumbukeni pia kwamba gari lililotimiza miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa MOT, lakini msamaha wa MOT unapotea likiwa limebadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita. Chasisi ya muundo wa asili haihesabiwi kuwa badiliko kubwa. Ya muundo mwingine inahesabiwa.

Kwa ndugu zetu wa Oman, namba ya chasisi iko kwenye mulkiya, na anayesimamia uandikishaji ni Polisi ya Oman. Bati lenye namba likihitaji kuguswa, pita kwao kwanza na mulkiya mkononi, kabla hujapita gereji.

Ukinunua lililokwisha tengenezwa

Yule mnunuzi wa Corvette hakukata bati lolote. Alinunua kazi ya mtu mwingine. Kwa hiyo hata asiyeshika spana ana kazi ya kufanya kabla ya kutoa pesa.

Mwombe muuzaji picha za gari lilivyokuwa kabla ya ukarabati. Itazame namba kwa tochi, si kwa taa ya simu ya haraka haraka. Herufi zote ziwe na kina kimoja na mstari mmoja. Kibati kiwe na ribiti za aina moja, za zamani kama gari lenyewe. Ribiti zinazong'aa kwenye gari la miaka 60 zina la kueleza. Tazama kama kuna mstari wa kuchomelea kuzunguka namba, chini ya rangi. Kisha, kabla ya kulipa, uliza kama mtalipeleka pamoja kwa mkaguzi wa jimbo unakotaka kuliandikisha. Muuzaji mwenye faili lake atakubali. Asiyekubali, mwachie gari lake.